Troponini na NT-proBNP kwa mgonjwa wa virusi aliyelazwa: mwongozo kamili wa kupima, kusoma na kuamua

Naandika hii kwa manesi, maofisa wa kliniki, madaktari wa zamu na watu wa maabara walioko Malindi, Lamu na visiwani, manake swali ni lile lile kila wiki. Mgonjwa amelazwa na corona au mafua makali au dengue, mtu akaomba troponini (protini ya misuli ya moyo inayovuja kwenye damu misuli ikiumia), rizalti ikarudi juu, na hapo kila mtu anaenda njia yake. Mmoja anasema ni hati ataki, mwengine anasema ni homa tu hio iacheni, wa tatu anamuandikia aspirini. Na familia iko nje kwenye benchi inangoja kuambiwa kitu.

Kipimo chenyewe hakina shida. Tunakwama kwenye vitu vidogo vidogo: saa haikuandikwa, yuniti haikusomwa, kimepimwa mara moja tu, ama kimepimwa mara mbili kwa mashine mbili tofauti. Fuata hatua kwa mpangilio huu na nyingi ya shida hizo zitaisha. Kama wewe ni mtu wa familia na una karatasi ya rizalti mkononi pia unaweza kusoma uelewe, ila uamuzi wa dawa muachie anayemuona mgonjwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Troponini, na ujue ni aina gani: I au T, ya kawaida au ile nyeti inayoandikwa hs mbele
- NT-proBNP au BNP (zinapanda moyo ukijaa) kama maabara inayo. Kama haipo kazi inaendelea, usikwame hapo
- Kreatinini (kipimo cha figo), hesabu ya damu nzima (chembe sahani zinazogandisha damu, na hematokriti yani uzito wa damu, ndo muhimu hapa), na kipimo cha malaria
- Mashine ya ECG (inayochora umeme wa moyo) yenye karatasi ndani, sio mashine tupu
- Mashine ya kidole ya oksijeni, ya presha, na saa ya ukutani inayotembea
- Chupa sahihi za damu kulingana na karatasi inayokuja ndani ya boksi la kiti (seti) ya kipimo
- Chati ya mgonjwa yenye nafasi ya kuandika saa, namba, yuniti na jina la mashine

Hio karatasi ya ndani ya boksi watu huitupa siku boksi linapofunguliwa. Msiitupe. Ibandikeni ukutani maabara, na nakala moja iende wodini, ndani yake mna kiwango cha juu cha mashine yenu na aina ya chupa inayokubalika. Bila hio karatasi, yote yanayofuata ni kubahatisha.

Hatua ya 1: Amua kama kipimo kinahitajika

Usiombe troponini kwa kila mwenye homa. Kijana wa miaka 22 mwenye mafua, oksijeni asilimia 98, anakula na anaongea, hapo unatafuta matatizo tu. Utapata namba iko juu kidogo alafu utashindwa uifanye nini.

Omba kama mgonjwa amelazwa na ana angalau kimoja kati ya hivi: oksijeni imeshuka chini ya 94, kifua kinauma au kinabana, moyo unaenda mbio kuliko homa yenyewe inavyoeleza, presha inashuka, amezimia, miguu imevimba, ana presha ya juu au sukari au ugonjwa wa moyo au figo kutoka zamani, ama umri umekwenda. Hawa ndo namba itabadilisha unachowafanyia.

Na kwetu Pwani kuna jambo moja halirukwi: homa haiitwi ya virusi mpaka malaria ipimwe. Hata kama jirani zake wote wana dengue. Hata kama kipimo cha corona kimetoka positivu, manake mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Andika pia ni siku ya ngapi ya homa. Sio siku ya ngapi hospitalini, ni siku ya ngapi tangu homa ianze nyumbani. Mgonjwa wa Kiunga au Faza, huko mbali Lamu, anaweza kuwa amekaa na homa siku nne akingoja mashua, kwa hivyo siku yake ya kwanza kwako ni siku ya tano ya ugonjwa, na kwa dengue siku ya tano ni dunia nyengine kabisa (tazama hatua ya 8).

Ukifaulu hapa: kwenye fomu ya maabara kuna sababu ya kuomba, kwa maneno ya mgonjwa huyu. "Homa, chunguza" haitoshi.

Hatua ya 2: Toa damu vizuri na uandike saa

Hapa ndo nitakaa sana, manake rizalti mbovu nyingi zinazaliwa kwenye mkono wa mgonjwa kabla hazijafika maabara.

Chupa kwanza. Mashine nyingi za troponini zinakubali ya kijani yenye heparini au ile ya seramu, lakini sio zote, na baadhi ya zile ndogo za mezani zinataka damu nzima. BNP inataka chupa ya zambarau yenye EDTA, na iwe ya plastiki. Angalia karatasi yako ya ukutani.

Alafu usivute kwa nguvu. Sindano nyembamba, mshipa unaokataa, tonikweti imefungwa muda mrefu, bomba la sindano linavutwa kwa haraka, chembe nyekundu zinapasuka. Ukizungusha chupa kwenye sentrifuji maji ya juu yanatoka mekundu kama sharubati ya ukwaju badala ya manjano. Damu hio usiipime. Kwenye troponini T iliyo nyeti, damu iliyopasuka inaweza kushusha namba, na kwenye baadhi ya mashine za troponini I inaweza kuipandisha. Yani inaweza kukudanganya upande wowote. Toa nyengine, umuombe mgonjwa samahani.

Kama ni chupa ya seramu, iache igande vizuri kabla ya kuizungusha. Ukiharakisha, vijinyuzi vya damu vinabaki ndani, vinanaswa kwenye mashine na kukupa namba ya juu ya uongo. Hii ndo sababu moja kubwa ya ile troponini inayotoka 300 alafu ukirudia sampuli ile ile inatoka 9. Ukiona namba ambayo haifanani kabisa na mgonjwa aliyeko kitandani, zungusha tena chupa, pima tena.

Joto nalo. Mwezi wa pili na wa tatu Malindi au Amu chupa iliyoachwa dirishani inapikika. Tenganisha seramu ndani ya masaa mawili. Kama sampuli inasafiri kwa boti itie kwenye kijokofu cha mkono chenye aisi, lakini chupa ya damu nzima isigusane na aisi moja kwa moja, ikiwa barafu chembe zinapasuka. Na kwa safari ndefu chagua NT-proBNP badala ya BNP kama unaweza kuchagua, manake BNP inaharibika ndani ya masaa machache na NT-proBNP inavumilia zaidi.

Sasa saa. Andika kwa mfumo wa masaa 24: 20:10, 02:00. Najua sisi wote tunasema saa mbili usiku na saa nane usiku na tunaelewana, lakini kwenye chati mmoja anaandika "saa 2" akimaanisha usiku baada ya isha, mwengine anaisoma kama 02:00, na hapo tofauti ya masaa sita imeingia kwenye hesabu yako bila mtu kujua. Hesabu ya hatua ya 5 inategemea saa kuliko kitu chochote. Na iwe saa ya kutoa damu, sio saa ya rizalti kutoka.

Kama stima imekatika na jenereta ikachelewa, maabara ipime kontroli (sampuli ya majaribio ambayo namba yake inajulikana) kwanza kabla ya sampuli ya mgonjwa. Sio kupoteza kiti huko, ni kujua mashine bado inasema kweli.

Ukifaulu hapa: chupa ina jina, saa ya kutoa damu iko kwenye chupa na kwenye chati, na maji ya juu ni ya manjano safi.

Hatua ya 3: Soma yuniti kabla hujasoma namba

Mashine za zamani na nyengine za mezani zinatoa ng/mL. Zile nyeti zinatoa ng/L, ambayo ni sawasawa na pg/mL. Kutoka ng/mL kwenda ng/L unazidisha kwa 1000. Kwa hivyo 0.04 ng/mL ni 40 ng/L. Mgonjwa akihama kutoka kituo kimoja hadi kengine na 0.04 ikawa 40 kuna mtu ataandika "imepanda mara elfu" na ambulensi itaitwa. Haijapanda hata kidogo.

Alafu kiwango cha juu cha kawaida. Hiki ni kile ambacho watu 99 kati ya 100 wenye afya wako chini yake. Kila mashine ina chake. Troponini T nyeti ni 14 ng/L. Troponini I nyeti ya Abbott ni 34 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke. Angalia tofauti hio: mama mwenye 25 kwa mashine hio ameshapita kiwango chake, lakini maabara ikichapisha kiwango cha wanaume peke yake ataonekana mzima. Kama mashine yenu ina viwango viwili, chapisheni vyote viwili.

Onyo kubwa: usilinganishe I na T, na usilinganishe I ya mashine moja na I ya kampuni nyengine. Hakuna hesabu ya kubadilisha moja kuwa nyengine. Mgonjwa akipelekwa kwengine, kipimo cha huko ni mwanzo mpya.

Kuhusu CK-MB, kipimo cha zamani cha moyo, nitasema kidogo tu. Virusi vinaumiza misuli ya mwili, mafua na chikungunya na dengue zote, CK (kimeng'enya cha misuli) inapanda na CK-MB inaweza kupanda nayo bila moyo kuhusika. Kama mna troponini, iacheni CK-MB.

Hatua ya 4: Piga ECG na angalia figo kabla ya kutoa maneno

Namba ikiwa juu usimwambie mtu chochote mpaka uone vitu viwili.

ECG kwanza. Kama ST (kipande cha mstari wa ECG baada ya mchongo mkubwa) imeinuka kwenye lidi (mistari ya ECG) za upande mmoja na mgonjwa ana maumivu ya kifua, hio ni dharura ya mshipa wa moyo na mwongozo huu haukuhusu tena, piga simu ya rufaa sasa hivi. Virusi havimkingi mtu na hati ataki, tena kinyume chake: utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba ndani ya siku 7 baada ya mafua ya influenza kuthibitishwa, hatari ya hati ataki inakuwa kama mara 6 ya kawaida ya mtu huyo huyo. Kwa hivyo usiseme "ni virusi tu" bila karatasi ya ECG mkononi.

Pili kreatinini. Mgonjwa wa figo wa muda mrefu, hasa wa dayalisisi, anaishi na troponini ya juu kila siku. NT-proBNP yake pia iko juu. Namba hizo zina maana kwake, zinasema moyo wake umechoka, ila hazisemi kwamba kuna jambo jipya leo.

Mbona moyo unaumia kwa ugonjwa wa mapafu au wa mbu? Njia ni nyingi na mara nyingi zinakuja pamoja. Oksijeni kidogo, moyo unakimbia, presha imeshuka, kwa hivyo misuli ya moyo inataka zaidi na inapata kidogo. Mchafuko wa kinga ya mwili unaitia sumu. Damu inaganda kwenye mishipa midogo, au donge linaingia mapafuni na upande wa kulia wa moyo unasukuma ukuta. Mara chache virusi au kinga vinashambulia misuli yenyewe, ndo miokaditisi. Troponini inakwambia misuli imeumia. Haikwambii njia gani. Njia unaitafuta wewe kwa ECG, oksijeni, presha, figo, na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kama ipo.

Hatua ya 5: Rudia, alafu piga hesabu

Troponini moja haitoshi. Rudia baada ya masaa 3 kama ni ile nyeti, masaa 3 hadi 6 kama ni ya kawaida, kwa mashine ile ile. Alafu piga hesabu: namba ya pili toa ya kwanza, gawanya kwa ya kwanza, zidisha kwa 100.

Tuchukue mfano nilioutunga. Mzee wa miaka 68 kutoka Faza, corona, siku ya sita ya homa, oksijeni 89. Troponini I nyeti ya 20:10 ni 41. Ya 23:30 ni 66. Tofauti ni 25, kwa 41 ni kama asilimia 61. Kreatinini yake iko sawa, ECG inaonyesha moyo unakimbia tu. Asubuhi ni 70, siku inayofuata baada ya oksijeni kukaa vizuri ni 48. Hii imepanda alafu ikashuka, yani ni jeraha jipya la moyo lililotokea kwenye ugonjwa huu.

Sasa mama wa miaka 59 wa dayalisisi, mafua, oksijeni 96. Troponini ya kwanza 58, ya pili 61. Tofauti 3, asilimia 5. Namba yake ya kwanza ni kubwa kuliko ya mzee, lakini haijatikisika. Huyu hana jambo jipya la moyo kwa sasa. Ukiwa na namba moja moja tu ungemkimbilia mama na kumuacha mzee.

Kanuni ni hii: kama ya kwanza imeshapita kiwango, mabadiliko ya zaidi ya asilimia 20 kwenda juu au chini ni jeraha jipya. Kama ya kwanza iko chini ya kiwango usitumie asilimia, manake 4 ikiwa 8 ni asilimia 100 na bado ni ndogo. Hapo angalia ni ngapi zimeongezeka na kama imevuka kiwango.

Tahadhari mbili. Mgonjwa aliyechelewa sana kuja unaweza kumkuta kileleni, namba hazitembei na jeraha bado ni jipya, kwa hivyo historia na ECG zina sauti. Na mtu anayemeza vidonge vya biotini vya nywele na kucha kwa dozi kubwa anaweza kupata rizalti ya uongo kwa baadhi ya mashine. Uliza, wengi hawaviiti dawa kwa hivyo hawatakutajia.

Ukifaulu hapa: kwenye chati kuna namba mbili, saa mbili, mashine moja, na asilimia imeandikwa kando.

Hatua ya 6: NT-proBNP, kama ipo

Hii inapanda wakati kuta za moyo zimevutika, yani moyo umejaa. Inakusaidia kwa swali moja gumu sana la wodini: huyu anayehema ni mapafu ya virusi, ni maji ya moyo, au vyote?

Chini ya 300 pg/mL moyo kushindwa ghafla hauko sana kwenye orodha. Kuthibitisha tunatumia umri: juu ya 450 kwa chini ya miaka 50, juu ya 900 kwa miaka 50 hadi 75, juu ya 1800 kwa zaidi ya 75. Kwa BNP ni chini ya 100 kuondoa. Unene unashusha namba, figo na moyo usiopiga kwa mpangilio vinapandisha.

Kwa mgonjwa wa virusi namba ya juu bila maji mwilini pia ni onyo la safari ngumu, lakini usimpe frusemaidi (dawa ya kukojoza maji) kwa sababu ya karatasi. Angalia shingo, sikiliza mapafu, bonyeza miguu.

Hatua ya 7: Geuza namba kuwa hatari, sio utabiri

Tunajua nini hasa? Wuhan mwaka 2020, kati ya wagonjwa 416 wa corona waliolazwa hospitali moja, 82 walikuwa na jeraha la moyo. Kati ya hao walioumia moyo asilimia 51.2 walifariki, na kati ya wasioumia asilimia 4.5. Hospitali nyengine ya Wuhan yenye wagonjwa 187 iligundua jambo ambalo mimi naliona zito zaidi: wenye ugonjwa wa moyo wa zamani lakini troponini ya kawaida walifariki asilimia 13 hivi, na wasio na ugonjwa wowote wa moyo lakini troponini juu walifariki asilimia 37.5. Yani jeraha la leo lilikuwa na uzito kuliko historia ya jana. New York, mtandao wa Mount Sinai, kati ya wagonjwa 2,736 asilimia 36 walikuwa na troponini juu, na hata kupanda kidogo tu kulienda na vifo zaidi baada ya kuzingatia umri na magonjwa mengine.

Lakini hizo ni namba za mwanzo wa janga, kabla ya chanjo na kabla ya deksamethasoni (steroidi) kujulikana kwamba inasaidia. Usizichukue ukamwambie mtu "baba yako ana asilimia 51". Zinachokufundisha ni mpangilio: nani aangaliwe zaidi.

Mimi ningefanya hivi. Troponini ya kawaida mara mbili, oksijeni sawa: wodi ya kawaida, usirudie kila siku, rudia akibadilika tu. Iko juu lakini imetulia: vipimo vya mwili kila masaa 4, dawa zake za zamani zisikatwe hovyo, rudia troponini kesho. Iko juu na inatembea: kitanda karibu na meza ya nesi, monita kama ipo, oksijeni, ECG nyengine, eko, na simu ya rufaa ipigwe mapema wakati mgonjwa bado anaongea. Usingoje azidiwe, hasa kama uko upande wa visiwani na bahari usiku haipitiki kirahisi.

Na namba isisimame peke yake. Mtu mwenye troponini safi anayehema mara 32 kwa dakika ni mgonjwa mahututi, karatasi iseme inavyotaka.

Hatua ya 8: Usitibu namba

Hapa watu wanaumia kwa hivyo soma polepole.

Aspirini kwa dengue ni hatari. Nimesema corona na mafua na dengue kwa pumzi moja lakini hapa zinaachana njia. Dengue inashusha chembe sahani na kuvujisha mishipa, na ukimwongezea aspirini au ibuprofeni unafungua mlango wa kutoka damu. Kama mgonjwa ana homa, macho yanauma kwa nyuma, mwili umevunjika, chembe sahani zinashuka, na troponini imetoka juu, usiandike aspirini wala heparini (sindano ya kuzuia damu kuganda) ya dozi ya tiba bila kuzungumza na daktari bingwa. Panadoli, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Basi.

Dripu. Dengue inataka maji na moyo uliojeruhiwa hautaki maji mengi, na mgonjwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Siku homa inaposhuka, mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 7, ndo wakati wa hatari na familia ndo wakati huo inafurahi kwamba amepoa. Toa maji kwa awamu ndogo ndogo, kila awamu rudi kitandani: presha, mkojo, hematokriti, na weka stetoskopu chini ya mapafu nyuma. Ukisikia milio ya maji au pumzi zimeongezeka, punguza.

Dawa ya kuyeyusha donge haitolewi kwa troponini peke yake. Lazima ECG iseme.

Deksamethasoni kwa corona inatolewa kwa sababu ya kuhitaji oksijeni, miligramu 6 kwa siku mpaka siku 10. Troponini juu na oksijeni 97 sio sababu ya kuitoa.

Heparini ya kuzuia donge kwa mgonjwa wa corona aliyelala kitandani ni jambo la kawaida. Kuipandisha mpaka dozi ya tiba ni uamuzi mwengine, unahitaji sababu yake.

Hatua ya 9: Rufaa na familia

Barua ya rufaa isiseme "troponini positivu". Iandikwe hivi: siku ya ngapi ya homa, troponini I au T, mashine gani, namba na saa ya kwanza, namba na saa ya pili, kreatinini, chembe sahani, oksijeni akiwa bila mashine na akiwa nayo, dawa zilizotolewa na saa zake. Karatasi za ECG ziende pamoja naye, zipige na picha kwa simu manake ile karatasi ikishika joto na jua inafifia. Mgonjwa atavuka na boti hadi Mokowe, gati la bara, alafu apande gari, karatasi ikilowa angalau picha ipo.

Familia izungumzwe na mtu mmoja, akiwa amekaa. Salamu kwanza, usimrukie mama mtu mzima na namba. Mfano: "Shikamoo bi mkubwa. Mzee ana homa ya virusi imemshika mapafu, na damu yake inaonyesha moyo nao umeumia kidogo kwa sababu unafanya kazi kubwa. Mshipa wa moyo haujaziba kwa tunavyoona sasa. Tumempa oksijeni, na usiku huu tutampima tena tuone inapanda au inashuka, kisha nitakuja mwenyewe kukuambia." Alafu nenda ukamwambie kweli.

Wakiuliza atapona, sema unachokiona na unachokingoja. Wakiuliza kama wampe dawa za majani au asali, uliza ni nini hasa, usigombe, ila omba kisipite kitu mdomoni bila nesi kujua mpaka chembe sahani na figo zieleweke.

Pale mnapokwama zaidi

Maabara ina kiti moja tu imebaki. Nimpime saa ya kuingia au niingoje? Mpime akiingia kama ana maumivu ya kifua au presha imeshuka. Kama yuko imara na dalili zimeanza chini ya masaa matatu yaliyopita, ngoja yatimie, manake kipimo cha mapema sana kinaweza kutoka kizuri kwa uongo.

Troponini bado iko juu siku ya tano na mgonjwa anatembea. Ni kawaida, inaweza kukaa juu wiki moja mpaka mbili. Angalia inashuka, basi. Ila kabla ya kumruhusu fanya ECG nyengine, umwambie asivute nyavu wala kubeba mizigo wala kucheza mpira mpaka aonekane kliniki, na kama ilikuwa miokaditisi mapumziko ni ya miezi, kati ya 3 na 6 kwa kazi nzito na michezo.

Hatuna troponini kabisa. Basi fanya ECG, hesabu pumzi kwa dakika nzima, oksijeni, presha, mkojo, na andika kila masaa 4. Mwenye umri mkubwa au ugonjwa wa moyo ambaye pumzi zinapanda huku homa inashuka, mtume mbele mapema, na uandike kwenye barua kwamba troponini haijapimwa ili wa huko waanze nayo.